Kigoma mwisho wa reli: namna ya kuyasoma majengo ya mjini

Majengo mazuri kuliko yote Kigoma mjini yana mlinzi getini. Hilo ndilo la kwanza kulijua, na wengi hulijua wakiwa wameshakalishwa kwenye benchi, wanafutishwa picha moja baada ya nyingine. Stesheni ni ya shirika la reli, gati ni la mamlaka ya bandari, na lile jumba la Wajerumani linalotazama ziwa, ambalo wapenda historia huliita Kaiser House, ni Ikulu ndogo. Tena mji wenyewe uko mpakani. Kongo iko ng'ambo ya maji, Burundi iko kaskazini, na wakimbizi wamepita hapa miaka nenda rudi. Mtu anayezunguka na kamera akipiga picha kuta, mapaa na mageti lazima atiliwe shaka, hata kama nia yake ni kujua tu tao lile lilijengwa kwa tofali gani.

Sheria ya maeneo yanayolindwa ipo tangu 1969 na ya usalama wa taifa tangu 1970. Askari hahitaji kukunukulia kifungu ndipo akuzuie, na kubishana naye ni kuipoteza siku. Kwa hiyo kazi ya kuyapiga picha na kuyapima majengo haya huanzia kwenye karatasi.

Barua ya kwanza iende kwa Mkurugenzi wa Manispaa ya Kigoma Ujiji. Andika jina lako kamili, namba ya kitambulisho cha taifa au pasipoti, tarehe utakazokuwepo, aina ya kamera (simu nayo itaje), na picha zitatumika wapi. Kisha orodhesha majengo moja moja na mtaa yalipo. Barua inayosema tu "majengo ya kihistoria ya mjini" hurudi na jibu la jumla vilevile, na ukifika mlangoni mlinzi atakuuliza: hili nalo limo? Omba jibu lenye muhuri, toa nakala kadhaa, moja mwachie mtendaji wa mtaa. Kibali cha manispaa hakifungui geti la reli wala la bandari. Mkuu wa stesheni anaandikiwa yake, na meneja wa bandari yake. Mwenye droni anahitaji kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga pamoja na cha wizara ya ulinzi, na kwa Kigoma ushauri wangu ni kuiacha nyumbani. Mgeni kutoka nje ya nchi anayekuja kukusanya takwimu za utafiti aanze na COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, miezi kabla, maana hapa hakuna njia ya mkato.

Gharama ya yote haya ni muda kuliko fedha. Tenga siku tatu au nne za kazi kabla ya picha ya kwanza, na usifike Ijumaa. Siku hizo za kusubiri hazipotei, kwa kuwa unaweza kutembea bila kamera, ukiwa na daftari na penseli tu. Mtu anayechora hasumbuliwi sana. Watoto watakuzunguka, mzee mmoja atasogea kuona unachora nini, na hapo ndipo maelezo yanapoanza kuja.

Kuhusu Ikulu ndogo: usipige picha, hata ya mbali, hata ukiwa ndani ya boti. Mjini utasimuliwa kwamba lilijengwa kwa ajili ya Kaiser Wilhelm II aje kuwinda, na kwamba kuna handaki kutoka stesheni mpaka chini yake. Kaiser hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki. Handaki nalo lichukue kama simulizi la mji, liandike hivyo, uendelee na safari.

Jua la Kigoma linachelewa

Anayetoka Dar es Salaam hupanga ratiba yake ya picha kwa jua la Dar na kulikosa la Kigoma. Saa za nchi ni moja, lakini Kigoma iko karibu nyuzi kumi magharibi zaidi, na kila nyuzi moja ni dakika nne. Jua hapa linachelewa kama dakika 40. Jua la utosini, ambalo watu wamelizoea saa sita, Kigoma linafika kati ya saa 6:45 na saa 7:15 mchana kutegemea mwezi. Asubuhi nayo, mji umelala kwenye mteremko unaoshukia ziwani na vilima viko mashariki, kwa hiyo kuta za chini hupata mwanga baadaye kuliko kalenda inavyosema. Ukiamka saa kumi na mbili na nusu utapiga picha za kivuli.

Upande unaotazama ziwa ni wa jioni. Kuanzia saa kumi jua hushuka juu ya maji na kuupiga ukuta wa magharibi moja kwa moja, nao ndio ukuta unaochakaa kuliko zote: rangi inapauka, mbao za madirisha zinapasuka, fisha bodi (ubao wa ukingo wa paa) inapinda. Wajenzi wa zamani walijua hivyo ndiyo maana baraza za upande huo ni pana. Jengo lenye baraza nyembamba upande wa ziwa ama ni la baadaye ama baraza lake lilizibwa kuwa chumba. Tazama sakafuni uone kama kuna mstari wa kiungo pale ukuta mpya ulipopandishwa juu ya ukingo wa baraza la zamani.

Kuna siku mbili kwa mwaka ambazo mtu wa maandishi ya ukutani asizikose. Kigoma iko karibu nyuzi tano kusini mwa Ikweta, hivyo jua hupita utosini kabisa karibu na tarehe 8 Machi na tena karibu na 6 Oktoba. Saa ile ya mchana mwanga huteremka sambamba na kuta zote nne, na kila mkwaruzo hutoa kivuli. Tarehe zilizochongwa kwenye lipu kisha zikapakwa rangi mara nyingi husomeka hapo hata kama siku nyingine hazionekani. Siku mbili tatu kabla au baada yake pia zinafaa.

Msimu ni suala la unachotafuta. Juni mpaka Septemba ni kiangazi, barabara nzuri, lakini moshi wa kuchoma mashamba na misitu hutanda juu ya ziwa na milima ya Kongo hupotea kabisa. Mvua zikishaanza hewa husafishika. Tena mvua ndiyo inayokuonyesha paa linavuja wapi, gata limeziba wapi, na maji ya mteremko yanapigia msingi wa nani. Mimi nachagua mwanzo wa mvua, nikiwa na mfuko wa plastiki wa kamera.

Stesheni

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma Februari 1914, kilomita 1,250 hivi za njia yenye upana wa mita moja. Miezi sita baadaye vita ikaanza. Stesheni ukiitazama kwa tarehe hizo ndipo ukubwa wake unapopata maana. Hapakuwa na mji wa kuhitaji jengo la ghorofa lenye matao marefu namna ile. Mji ulikuwa Ujiji. Ujiji nao ulikuwa na tatizo la ziwa: mwaka 1878 maji yalivunja kizuizi cha mto Lukuga upande wa Kongo na usawa wa Ziwa Tanganyika ukaendelea kushuka, kama mita kumi ndani ya miaka isiyofika ishirini. Ufuko wa Ujiji ukasogea mbali na nyumba, maji yakawa haba kwa meli kubwa. Ghuba ya Kigoma ina kina na imekingwa dhidi ya upepo. Reli ikaja hapa, na stesheni ikajengwa kwa biashara ya Kongo iliyotarajiwa, wala si kwa abiria waliokuwepo.

Kibali kikiwa mkononi, nenda mara mbili: siku yenye treni ya abiria na siku isiyo na treni. Siku ya treni milango yote iko wazi na unaona jengo linavyotumika, mizigo inapita wapi, watu wanakaa kivuli gani. Lakini usijaribu kupima chochote, utakuwa kero. Siku ya pili ni tulivu. Uliza mkuu wa stesheni nani mwenye funguo za vyumba vya juu, na usipande ngazi bila mtu wao.

Vifaa ni vichache. Futikamba ya mita tano, tochi ndogo, chaki, daftari la miraba, na mti ulionyooka wa mita moja uliopakwa alama kila sentimita kumi. Huo mti uweke kwenye kila picha, ukiegemea ukuta. Picha isiyo na kipimo ni kumbukumbu tu, huwezi kuichora baadaye.

Anza na unene wa ukuta, unaopimika dirishani bila kutoboa chochote. Fungua dirisha, pima kutoka uso wa nje hadi uso wa ndani, kisha toa lipu pande zote mbili, tuseme sentimita mbili kila upande. Kuta za Wajerumani za wakati ule mara nyingi hufika nusu mita na kupita, kwa sababu ni za mawe au matofali yanayobeba mzigo wote, bila nguzo za zege. Ukikuta ukuta wa sentimita 15 hadi 20 ndani ya jengo hilohilo, huo ni wa block na umeingizwa baadaye kugawa chumba.

Mahali lipu imedondoka, pima tofali. Tofali la kawaida la Ujerumani la enzi ile lilikuwa sentimita 25 kwa 12 kwa 6.5. La Kiingereza ni inchi tisa kwa nne na nusu kwa tatu, yaani karibu 22.5 kwa 11 kwa 7.5. Usipime tofali moja. Pima kozi (mistari ya matofali) kumi za kwenda juu pamoja na viungo vyake, kisha gawa. Tahadhari: matofali yalichomwa papa hapa, kwenye matanuru ya udongo wa hapa, na yakichomwa hupungua. Kipimo kinakupa mwelekeo, hakikupi hati.

Baada ya matofali, tazama herufi. Katika mji wa reli hiki ndicho kitu chenye thamani kubwa na hakuna anayekiangalia. Shirika limebadili jina mara nyingi, na kila jina lilipigwa muhuri kwenye mabenchi, vitasa, taa, mizani, mifuniko ya mitaro na mabehewa. Reli ya Tanganyika ilidumu chini ya Waingereza mpaka 1948. Mwaka huo iliunganishwa na ya Kenya na Uganda, herufi zikawa E.A.R. & H. (East African Railways and Harbours), zikibeba reli na bandari pamoja. Mwaka 1969 bandari zikatengwa, ikabaki E.A.R. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 likazaliwa Shirika la Reli Tanzania, TRC. 2007 ikawa kampuni, TRL, na 2017 TRC ikarudi. Kitasa chenye herufi E.A.R. & H. kwenye mlango wa Kijerumani kinakuambia mlango ule ulifanyiwa kazi kati ya 1948 na 1969. Kasoro ya njia hii ni kwamba vitu vya reli vinasafiri. Benchi la Tabora linaweza kuishia Kigoma. Kilichopigiliwa ukutani kiamini kuliko kinachobebeka.

Ukitoka nje, tazama uzio. Miji ya reli haitupi chuma. Vipande vya reli vilivyochakaa vimekuwa nguzo za uzio, linta (boriti za juu ya milango na madirisha), na vizuizi vya magari pembeni mwa barabara. Mataruma ya reli hii, yale yanayolazwa chini ya reli kuibeba, tangu mwanzo yalikuwa ya chuma, maana mchwa ungeyala ya mbao, nayo utayakuta yamefukiwa kama ngazi au kingo za mitaro. Ubavuni mwa kipande cha reli, pale penye wembamba kati ya kichwa na kitako, kiwanda kilibonyeza jina lake na mwaka. Kutu na rangi huficha. Usikwangue. Pitisha chaki ubapa ukiilaza, herufi zitatokea nyeupe juu ya kutu. Kama hazijatokea, subiri giza uwashe tochi kutoka ubavuni. Mwaka utakaousoma ni wa reli kutoka kiwandani, ambao unaweza kuwa umetangulia uzio huo kwa nusu karne.

Lipu ya saruji inavyoua ukuta wa chokaa

Hapa ndipo penye somo kubwa la mji huu, na linaonekana bila kibali chochote, kwenye maduka na nyumba za barabarani.

Chuchumaa kwenye ukuta wowote wa zamani uliopigwa lipu upya, utazame nusu mita ya chini. Kwanza unaona rangi imefanya malengelenge. Ukiligusa lengelenge, linavunjika na ndani kuna unga mweupe, laini, ukiuonja ni chumvi. Juu kidogo lipu bado imeshika, lakini ukiigonga kwa kiungo cha kidole inalia kama debe tupu: imeshaachana na tofali. Pembeni kuna ufa uliopigwa kiraka, na kando ya kiraka ufa mwingine. Ukifuata mstari wa unyevu kwa macho utaona umepanda juu kuliko kwenye jengo la jirani ambalo halijawahi kufanyiwa chochote.

Sababu ni hii. Kuta hizi zilijengwa kwa udongo au chokaa, na hazina karatasi ya kuzuia unyevu msingini. Maji hupanda kutoka ardhini kila masika. Lipu ya chokaa ina vinyweleo, kwa hiyo unyevu hutoka nje ukauka, na ukuta unabaki salama mwaka hadi mwaka. Fundi akija na saruji, ukuta unapendeza miezi michache. Maji hayana pa kutokea, yanapanda juu zaidi kutafuta njia, yakifika mahali pa kukaukia yanaacha chumvi nyuma ya lipu, chumvi inavimba, inaisukuma lipu nje na kumegua uso wa tofali pamoja nayo. Mwenye nyumba anaona lipu imedondoka, anaita fundi, fundi anaongeza saruji. Fedha zinazozikwa kwenye mzunguko huo zinaumiza, na anayelaumiwa ni "ujenzi wa zamani".

Dawa yake haina maajabu. Lipu ya saruji ing'olewe mpaka nusu mita juu ya mstari wa unyevu, chumvi ifagiliwe kwa brashi kavu (maji yanairudisha ndani), ukuta uachwe wazi kiangazi kizima, kisha ipigwe lipu ya chokaa, sehemu moja kwa mchanga tatu, kwa tabaka nyembamba zinazosubiriana. Kabla ya hayo, hakikisha maji ya paa hayamwagiki mguuni mwa ukuta. Gata lililotoboka lina makosa zaidi ya fundi yeyote. Na rangi ya mafuta juu ya lipu ya chokaa inarudisha tatizo lilelile, hivyo ipigwe chokaa ya maji.

Ukiwa mtazamaji tu, faida ya kujua haya ni kwamba lipu iliyodondoka inakuwa dirisha lako. Mwenye duka akikuona umechuchumaa kwenye ukuta wake atakuja. Salimia kwanza, mzee mpe shikamoo yake, mweleze unachotazama, na ukijua jibu la tatizo lake mwambie. Hakuna barua inayofungua ua wa nyuma haraka kama hilo.

Kupanda Lumumba

Kutoka stesheni barabara ya Lumumba inapanda kuelekea eneo la Mwanga, na maduka yake ndiyo mji wa kibiashara wa zamani. Tembea ukipanda kwa upande mmoja, ukishuka kwa mwingine. Tazama juu: paji la duka, ule ukuta unaoficha bati, ndilo lenye habari. Paji lenye ngazi katikati, mistari ya kusimama na kona za mviringo ni mtindo ulioenea miji yote ya nchi kati ya miaka ya 1930 na 1950. Matofali ya matundu na madirisha ya luva ni ya 1950 na 1960 na kuendelea. Ukikuta jina la mwenye nyumba na mwaka, upige picha, lakini kumbuka paji lilikuwa likibadilishwa peke yake huku duka la nyuma likibaki lilelile. Zunguka uchochoroni uhakikishe kwa bati. Bati la zamani la mawimbi lina milimita 76 kutoka wimbi hadi wimbi na ni nene, kingo zake hazikunjiki kwa mkono. Bati za msauzi zenye migongo ya pembe ni za juzi.

Swali la "nani mwenye jengo" uliulize kwa uangalifu. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakaenda kwa Msajili wa Majumba, na 1990 yakaingia Shirika la Nyumba la Taifa. Familia nyingi za Kihindi zilizojenga maduka ya namna hii ziliondoka miaka ile. Aliyemo leo anaweza kuwa mpangaji wa kizazi cha pili ambaye anadhani umetumwa kuangalia mkataba wake. Eleza mapema kuwa hutoki shirika lolote la nyumba, na usiandike jina la mtu kwenye daftari mbele yake bila kumwomba.

Bandarini maelezo ni mafupi kwa sababu utakachoruhusiwa kuona ni kifupi. Sehemu ya gati iliwahi kuwa ya Wabelgiji: waliiteka Kigoma Julai 1916 baada ya ndege zao za majini kuushambulia mji, na kwa makubaliano ya 1921 wakapewa eneo hapa na jingine Dar es Salaam kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Ukipata ruhusa, tafuta pia meli ya Liemba. Iliundwa Papenburg kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa, ikaletwa kwa reli hii ndani ya masanduku kama 5,000, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini Februari 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916, baada ya mafundi kuipaka mitambo yake grisi, na Waingereza wakaiibua 1924. Ikarudi kazini 1927. Mialo ya pembeni siku hizi ni ya kutembea kwa hadhari, ziwa limepanda miaka ya karibuni na kuna kuta zilizochimbwa chini na maji ambazo juu zinaonekana nzima.

Kuwauliza wastaafu

Mji wa reli una wastaafu wa reli, nao ni hazina kuliko maktaba. Swali la "hili lilijengwa mwaka gani?" linaharibu mazungumzo, kwa kuwa mzee atakutajia mwaka ili asikukatishe tamaa. Uliza kazi: ulipoajiriwa, hapa palikuwa nini? Nani alikuwa na funguo? Mlipokea mshahara dirisha lipi? Kisha bandika majibu kwenye matukio anayoyakumbuka kweli: Uhuru 1961, Azimio la Arusha 1967, majumba kutaifishwa 1971, Jumuiya kuvunjika 1977, vita ya Kagera 1978, wakimbizi wa Kongo 1996. "Ghala lile lilikuwa na paa kabla ya vita ya Kagera?" ni swali linalojibika. Waulize wawili bila kuwakutanisha. Wakitofautiana, andika yote mawili.

Soda na nauli ya bajaji ya mzee ni haki yake, uiweke kwenye bajeti toka mwanzo. Wewe mwenyewe patana na bodaboda kwa nusu siku. Safari moja moja zinakula fedha, na mteremko wa mchana unakula miguu.

Ujiji, siku ya mwisho

Daladala za Mwanga zinakufikisha Ujiji, chini ya kilomita kumi. Watu huenda kwenye kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, waliokutana hapa 1871, wanapiga picha mwembe na kugeuza. Kiingilio kina bei ya raia na bei ya mgeni, beba kitambulisho. Ukitoka hapo simama uangalie umbali wa kwenda majini: lile ziwa lililoshuka baada ya 1878 linapimika kwa macho. Kisha ingia mitaani. Nyumba za Ujiji ni za Kiswahili, baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba pande mbili, ua nyuma, na kuta za miti na udongo chini ya lipu. Hapa kugonga ukuta ni utovu wa adabu; subiri ukaribishwe.

Ukikuta mlango au fremu ya kuchonga, kuna jambo la kisheria la kumwambia mwenye nyumba. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda yenyewe majengo ya kabla ya 1886, kwa hiyo stesheni na majumba yote ya Kijerumani ya Kigoma yako nje ya ulinzi huo mpaka Waziri atangaze jengo kwa jina. Lakini milango na fremu zilizochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1940 zinalindwa. Mnunuzi akija na lori kutaka kung'oa mlango wa babu, mwenye nyumba ana sababu ya kumwambia asubiri, na mahali pa kuuliza ni kwa afisa utamaduni wa manispaa. Pima urefu na upana wa fremu, piga picha kizingiti cha juu, nguzo ya kati na kila ubao wa pembeni ukiwa na ule mti wa mita moja, kisha chapisha nakala mbili pale stationery ya Mwanga: moja ya mwenye nyumba, moja ya ofisi ya mtaa, nyuma ikiwa na tarehe na jina la mtaa kwa kalamu ya wino usiofutika.